Pampu ya kupozea kompyuta: usidanganyike na lita za kwenye boksi

Anayetaka kupoza kompyuta yake kwa maji akinijia, swali huwa lilelile: pampu ipi ina lita nyingi zaidi? Jibu langu humkera kidogo, kwa sababu namba hiyo ya lita ndiyo ninayoitazama mwisho.

Chukua pampu ya D5. Ilibuniwa na kampuni ya Laing, na leo unaikuta chini ya majina ya kampuni nyingi huku mota iliyomo ndani ikiwa ya familia ileile. Boksi litakuambia lita 1,500 hivi kwa saa na msukumo wa karibu mita 4, yaani kimo ambacho pampu inaweza kupandisha maji. Namba zote mbili ni za kweli, ila haziji pamoja. Lita 1,500 unazipata pale maji yanapopita bila kizuizi chochote. Mita 4 unazipata pale njia imezibwa na maji hayaendi popote. Ni kama mshahara kabla ya makato. Ukishafunga bloku ya prosesa (kipande cha chuma kinachokaa juu ya chipu na kupitishiwa maji), bloku ya kadi ya picha, radiata mbili na viungio vyake, pampu hiyohiyo itakusukumia lita 200 hadi 300 kwa saa, na hapo haina kasoro yoyote.

Kinachokula nguvu ya pampu ni msuguano. Fungua bloku ya prosesa uone: bamba la shaba lililochanwa mapezi membamba, mianya yake ikiwa sehemu ndogo tu ya milimita. Maji yote ya mzunguko hupenya humo. Radiata nyingi hazina ubishi, kona moja ya nyuzi 90 si kitu, lakini viungio vya kuchomoa haraka hubana kuliko watu wanavyodhani, na vikiwa viwili au vinne utaona tofauti kwenye kipimo. Tena upinzani huo hupanda takriban kwa mraba wa mtiririko: ukitaka maji mara mbili, andaa shinikizo karibu mara nne. Kwa hiyo anayefunga pampu mbili zikifuatana asitarajie lita mara mbili. Atapata nyongeza, pengine theluthi hivi. Faida halisi ya pampu ya pili ni kwamba ya kwanza ikifa, mashine haifi nayo.

Na hizo mita za msukumo hazihusiani na urefu wa kasha. Mzunguko ukishajaa maji, yanayoshuka upande mmoja hufidia yanayopanda upande wa pili. Urefu unakusumbua siku ya kujaza tu.

Sasa, maji mengi yanaleta nini? Hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Maji yanayopita kwa lita 1 kwa dakika hubeba takriban wati 70 kwa kila digrii moja yanayopanda. Tuseme prosesa na kadi ya picha kwa pamoja zinatoa wati 400. Kwa lita 60 kwa saa, maji yatatoka yakiwa na joto la karibu digrii 6 zaidi ya yalivyoingia. Kwa lita 120, karibu digrii 3. Kwa 240, digrii moja na nusu. Ukikazana hadi 480, umeokoa chini ya digrii moja, na pampu inalia. Joto lenyewe halijatoweka. Bado ni wati 400 zinazosubiri radiata na feni zizitoe nje. Mwenye maji moto na lita 200 kwa saa hana tatizo la pampu. Aongeze radiata.

Mimi hulenga lita 150 hadi 250 kwa saa, kisha naacha. Chini ya 100 joto la prosesa huanza kupanda kwa kasi, maana maji yanayojikokota kwenye mapezi hayachukui joto vizuri. Kwenye mashine yangu nilishusha D5 kutoka kasi ya juu hadi karibu nusu huku prosesa ikiwa na mzigo kamili, nikaiangalia namba: ikasogea digrii moja, ikacheza kidogo, ikatulia. Kelele ndiyo iliyobadilika. Ile sauti nyembamba ya mota iliyokuwa ikipita kwenye bati la kasha ilikwisha kabisa. Kabla ya kununua pampu nyingine kwa ajili ya kelele, jaribu hilo, na uweke sponji au mpira laini chini ya pampu, kwani mara nyingi kinachopiga kelele ni kasha linalotikiswa.

Kati ya D5 na DDC, pampu nyingine inayotumika sana kwenye kompyuta, mimi ni mtu wa D5. DDC ni ndogo, inaingia kwenye kasha finyu, na zile zenye nguvu hufikisha msukumo wa mita 5 hivi, kwa hiyo inafaa pale mzunguko unapobana sana. Lakini hupata joto chini yake na inataka hewa ipite hapo. D5 hupozwa na maji yenyewe, nayo ni tulivu zaidi ikiendeshwa polepole. Chukua yenye waya wa PWM, yaani wa ishara ya kudhibiti kasi, ili kasi uipange mwenyewe.

Umeme usiutoe kwenye tundu la kawaida la feni. D5 kwa kasi kamili inaweza kuvuta karibu ampea 2 za volti 12, na matundu mengi ya feni yanavumilia 1. Ivutie moja kwa moja kutoka pawasaplai. Bodi mama ibaki na kazi ya kuelekeza kasi. Tangi liwe kabla ya pampu na juu yake, kwa sababu beringi hulainishwa na maji yanayopita na dakika chache za kuzunguka kavu zinaweza kuiua. Wakati wa kujaza, washa pampu, izime maji ya tangi yakikaribia kuisha, ongeza maji, rudia. Viputo vikikwama, inamisha kasha huku na huku na uipe pampu kasi ya juu hadi vitoke, ndipo uirudishe chini.