Re: Hela imekatwa, somo halijafunguka, siku ya tatu hela inarudi

Mkuu, nimesoma swali lako pamoja na kipande cha kodi (maandishi ya programu, siyo ushuru) ulichobandika. Kwa wanaopita: mwenzetu ana programu ya Android ya kujiandaa na mtihani wa UCE, ule wa kidato cha nne hapa Uganda. Anauza vifurushi vya masomo kupitia Google Play, na seva yake inauliza API ya Google (mlango ambao programu hutumia kuulizana) kama malipo ni ya kweli. Mwanzoni alikuwa anapata kosa 401, yaani kukataliwa kwa kukosa ruhusa, akahangaika na ruhusa usiku kucha, kesho yake likatoweka lenyewe. Sasa logi, yaani kumbukumbu za seva, ziko kimya kabisa, lakini mwanafunzi akilipa somo halifunguki, na baada ya siku tatu hela inamrudia. Wapo waliomshauri abadilishe maktaba (kodi iliyoandikwa tayari anayoitegemea), na mmoja kamwambia aiandike seva upya kwa lugha nyingine.

Usiandike chochote upya. Hujafika huko.

Kazi yangu hapa Kampala ni kuunganisha programu za watu na mifumo ya malipo, na karibu kila ninapoitwa nakuta fundi amebadilisha vitu vitano kwa mkupuo kabla hajajua ni hatua ipi iliyovunjika. Mimi huanza na tokeni moja ya mnunuzi mmoja, yaani ile alama ndefu ambayo Google hutoa kwa kila ununuzi. Naifuata ilikotoka kwenye simu, nakwenda nayo hadi seva, naiuliza Google kwa mkono, kisha naangalia hifadhidata imeandika nini. Mahali hadithi inapobadilika ndipo penye ugonjwa.

Kwako tayari kuna dalili moja inayosema mengi, nayo ni hizo siku tatu. Google Play inataka kila ununuzi ukiriwe kuwa umepokelewa ndani ya siku 3. Usipoukiri, inamrudishia mteja hela na kumnyang'anya alichonunua. Kwa hiyo Google haijakuonea. Mfumo wako haujawahi kukiri hata ununuzi mmoja, na kwa kuwa logi hazina kosa, maana yake haujawahi hata kujaribu. Seva inafika mahali, inaamua kwamba huyu hajalipa, inanyamaza.

Mahali penyewe ni pale ulipoandika kwamba `purchaseState` ikiwa sawa na 1, fungua somo. Huu ni mtego wa siku nyingi. Kwenye maktaba ya malipo ya upande wa simu, 1 ina maana amenunua na 2 ina maana malipo bado yanasubiri. Kwenye API ya upande wa seva, 0 ndiyo amenunua, 1 ununuzi umefutwa, 2 unasubiri. Jina la sehemu ni lile lile, namba tofauti. Wewe umechukua namba ya simu ukaipeleka seva, kwa hiyo kila aliyelipa unamhesabu kama hajalipa, na siku ukimpata aliyefuta kweli utamfungulia masomo bure. Badilisha iwe 0. Na usiiache tupu hivyo: kama jibu halina hiyo sehemu kabisa, lugha nyingine zitageuza utupu kuwa 0 na utafungulia watu hewa. Hakikisha kwanza sehemu ipo, ndipo uilinganishe.

Kabla ya kugusa kodi, hakikisha kwa mkono. Chukua tokeni ya mwanafunzi aliyelalamika leo, tengeneza tokeni ya ruhusa kutoka akaunti ya huduma (akaunti ya programu, siyo ya mtu) ile ile inayotumiwa na seva, kisha uliza kwa `curl`, amri ya kutuma maombi ya mtandao, ile anwani ya `purchases/products`, ukiweka jina la kifurushi cha programu, kitambulisho cha bidhaa na tokeni ya ununuzi. Soma jibu lote. Ukiona `purchaseState` ni 0 na `acknowledgementState` ni 0, mambo yamekwisha: amelipa, hujakiri. Ukipata 400, kagua kama tokeni imefika nzima. Tokeni hizi ni ndefu, na nimekuta zaidi ya jedwali moja ambalo safu yake ilikuwa ya herufi 100, ikikata mkia bila kusema neno. Ukipata 403 inayosema API haijawashwa, iwashe kwenye mradi wa Google Cloud unaomiliki akaunti hiyo ya huduma. Watu huiwasha kwenye mradi mwingine kisha wanashangaa.

Ile 401 yako ya mwanzo isikusumbue tena. Ukiipa akaunti ya huduma ruhusa mpya ndani ya Play Console, ukurasa wa Google wa kusimamia programu zako, ruhusa huchukua muda kuenea, wakati mwingine hadi saa 24. Uliyoyabadilisha usiku ule hayakuiondoa, wala hayakuichelewesha. Ila kama katika kuhangaika uliipa ruhusa ya msimamizi wa kila kitu, rudi uiondoe. Inatosha kuona taarifa za fedha na kusimamia maagizo.

Sasa kuhusu kukiri. Naona umeweka ukiri upande wa simu, baada ya seva kujibu ndiyo. Hamisha, uwe upande wa seva. Wateja wetu hapa hawaishi kwenye Wi-Fi. Tangu Julai 2021 data tunailipia ushuru wa asilimia 12, na mwanafunzi anayenunua MB chache anajua kuzima data sekunde ile ile Google inapomwambia malipo yamekamilika. Simu yako hapo ilikuwa ndiyo kwanza inajiandaa kutuma tokeni. Seva haijui chochote, mtoto anaona somo limefungwa, mzazi anapiga simu kwa hasira.

Dawa yake ina pande mbili. Kwenye simu, kila programu inapofunguka au kurudi mbele, iite `queryPurchasesAsync` na uitumie tena seva tokeni yoyote ambayo haijakiriwa. Kwenye seva, washa arifa za papo kwa papo kupitia Pub/Sub, huduma ya Google ya kusambaza ujumbe. Huko Google yenyewe inakuletea tokeni hata kama simu ya mteja imezimwa na kuwekwa mfukoni. Angalia mambo mawili hapo. Mada yako ya Pub/Sub (njia ambayo ujumbe hupitia) lazima impe ruhusa ya kuchapisha mtumaji wa Google, yaani `google-play-developer-notifications@system.gserviceaccount.com`, bila hivyo utasubiri arifa hadi uzeeke. Na kwenye Play Console chagua upate arifa za bidhaa za kununua mara moja pia, siyo za usajili peke yake, maana wewe huuzi usajili.

Arifa inakuja na tokeni lakini haikuambii ni mwanafunzi gani kwenye mfumo wako. Ndiyo maana wakati wa kuanzisha ununuzi unapaswa kuweka `obfuscatedAccountId`, yaani alama ya akaunti ya mwanafunzi iliyofichwa, usiweke barua pepe wala namba ya simu. Ukiiuliza API baadaye, alama hiyo inarudi pamoja na jibu, unajua ni nani wa kufunguliwa.

Hii alama ina kazi nyingine ambayo hapa kwetu ni kubwa kuliko wanavyofikiri walioandika miongozo. Ununuzi ni mali ya akaunti ya Google iliyo kwenye simu, wakati masomo ni mali ya akaunti ya mwanafunzi kwenye mfumo wako. Nyumba nyingi zina simu janja moja ya mama, na watoto watatu wanaingia humo kila mmoja kwa jina lake. Wa kwanza kanunua Hisabati. Wa pili akijaribu anapata namba 7, `ITEM_ALREADY_OWNED`, na wewe unaletewa malalamiko kwamba programu imeharibika. Haijaharibika. Amua sera yako mapema: ama somo ni la simu nzima, basi wafungulie wote, ama ni la mtoto mmoja, basi baada ya kumwandikia haki zake kwenye hifadhidata utumie ununuzi ule hadi uishe (`consume`) ili bidhaa inunuliwe tena. Ukitumia ununuzi hivyo, ukiri unakuwa umeshafanyika humo humo, usiite mara mbili. Binafsi ningechagua la mtoto mmoja, lakini hilo ni la biashara yako.

Malipo yanayosubiri nayo yashughulikie kwa heshima. Ukipata 2 kwenye seva, usifungue somo, usikiri, mwambie mteja malipo yake yanasubiri. Zile siku 3 hazianzi kuhesabiwa mpaka malipo yakamilike, kwa hiyo hakuna cha kukukimbiza. Na ununuzi ukiwa unasubiri huenda namba ya agizo, ile inayoanza na GPA, isiwepo kabisa. Kama umeifanya ndiyo ufunguo wa jedwali lako, badilisha, tumia tokeni. Iwekee na sharti la kutojirudia, maana tokeni ile ile itakufikia kutoka kwa simu na kutoka Pub/Sub, pengine kwa sekunde moja, na Pub/Sub inaweza kukuletea ujumbe mmoja zaidi ya mara moja.

Kuna kitu kingine nimekiona kwenye kodi yako ambacho hukuuliza. Safu yako ya bei ni `INT`, aina ya namba yenye ukomo mdogo. Maktaba ya Google hutoa bei ikiwa imezidishwa kwa milioni: kitu cha dola 4.99 huandikwa 4,990,000. Kwa shilingi yetu, kifurushi cha 10,000 kinakuwa 10,000,000,000, na `INT` ya MySQL inaishia 2,147,483,647. Mmarekani atafika ukingoni siku atakapouza kitu cha dola zaidi ya 2,147. Sisi tunafika kwa shilingi 2,147, hela ya rolex, ile chapati ya mayai ya kando ya barabara. Ndiyo maana mfano uliounakili unafanya kazi kwa aliyeuandika. Ukiona jedwali lina 2147483647 kila mstari, seva yako ya MySQL haiko kwenye hali kali (strict mode) na inakata namba kimyakimya. Weka `BIGINT`, na kwenye Java tumia `long`.

Na tukiwa kwenye shilingi: yetu haina senti kwenye viwango vya kimataifa vya sarafu, tofauti na ya Kenya na ya Tanzania. Kampuni nyingi za kupokea kadi zinataka kiasi kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu, hivyo kodi iliyotoka Nairobi inazidisha kwa 100. Duka moja la mtandaoni nililoitwa kusaidia lilikuwa linamdai mteja 1,500,000 kwa shati la 15,000. Mwenye duka alidhani amedukuliwa.

Mwenzetu mwingine chini ya uzi ameuliza kama haya yanahusu na mobile money. Mantiki ni ile ile. Kwenye API ya MTN MoMo, ukituma ombi la malipo unajibiwa 202. Hiyo ina maana ombi limepokelewa, mteja bado hata hajaweka PIN. Hali halisi unaipata kwa kuuliza tena kwa ile alama ya ombi, `X-Reference-Id`, uliyoitengeneza, mpaka uone `SUCCESSFUL` au `FAILED`. Jibu ambalo MTN huleta yenyewe kwenye anwani ya seva yako hutumwa mara moja tu, halirudiwi, kwa hiyo kama seva ilikuwa imelala wakati huo na hukuweka kazi ya kuuliza kila baada ya muda, malipo hayo yamepotea machoni pako. Mazingira ya majaribio yanatumia EUR (yuro), halisi yanataka UGX (shilingi yetu) na `mtnuganda` kwenye kichwa cha ombi kinachotaja mazingira. Ukisahau kimoja utapata makosa ambayo hayafanani kabisa na sababu yake. Ila wewe mwenye masomo ya kidijitali ndani ya Play, usikimbilie huko kukwepa tatizo. Sera ya Google kwa kawaida inataka bidhaa za kidijitali zilipiwe kwa mfumo wake. Mobile money ni ya vitabu vya karatasi unavyompa boda apeleke.

Kama seva yako iko chini ya meza ofisini na siyo kwenye wingu, angalia na saa yake. Umeme ukikatika na betri ndogo ya ubao imekufa, kompyuta inaamka na tarehe ya zamani, na Google inakataa ombi la tokeni ya ruhusa kwa `invalid_grant`. Watu hutengeneza funguo mpya mara kumi kabla ya kutazama saa. Weka NTP, inayosawazisha saa kupitia mtandao, basi.

Wale waliokwisha kurudishiwa hela, ununuzi wao umekufa, huwezi kuukiri tena. API ya ununuzi uliobatilishwa itakupa orodha ya siku 30 zilizopita. Linganisha na jedwali lako, waandikie, waombe wanunue upya ukisharekebisha. Jaribu kwanza wewe mwenyewe ukiwa umejisajili kama mjaribu wa leseni, yaani akaunti ya majaribio ya ununuzi. Kwa wajaribu muda wa kukiri ni dakika chache badala ya siku 3, kwa hiyo kama ukiri bado haufanyi kazi utaona hela ikirudi kabla hujamaliza chai.

Ukishaita ile `curl`, bandika hapa jibu lote jinsi lilivyokuja. Ficha tokeni na namba ya agizo, hizo nyingine ziache tuzione.