Mawazo yanaweza kukata hedhi? Zangu zilikatika miezi 4

Dadangu ulouliza kama mawazo yaweza kusimamisha siku, yaweza, mie yalinipata hapa hapa Lamu. Ilikuwa kusi, bahari chafu, bwanangu hatoki na deni la injini ya boti liko pale pale, mie ndo niko macho tangu saa nane usiku nakanda mahamri ya kuuza, tumboni chai ya rangi tu, magauni yote yakanipwaya. Miezi 4 sioni kitu. Mawifi washaanza kunipima tumbo kwa macho, mamangu akasema ni jini nisomewe, nikasomewa na sikatai kisomo kilinituliza, ila yule aloniuzia unga wa "kusafisha homoni" simsamehi, niliharisha siku mbili na pesa zikaenda.

Hospitali wakanipima mimba kwanza, kisha thairoidi (tezi ya shingoni) na prolaktini (homoni ya maziwa), zote sawa. Ndo daktari akanieleza, ukiwa na shida ubongo watuma amri kwa kitezi kidogo kilicho chini yake, nacho chaziamrisha tezi zilokaa juu ya figo zimwage kortisoli, homoni ya kukabili shida. Si sumu jamani, ndo hiyo hiyo yakuamsha alfajiri, asubuhi iwe juu usiku ishuke, nayo hulifanya ini litoe sukari upate nguvu (ndo maana mwenye kisukari akiwa na mawazo sukari yampanda hata halua hajaonja). Sasa mie haikuwa mshtuko wa dakika kumi, ilikuwa miezi, na njaa juu yake, basi ni kama ubongo umeona huyu hana akiba ya kulea mimba, ukapunguza ile ishara ya kuziamsha ovari (vifuko vya mayai), yai halikomai, hedhi itoke wapi?

Dawa hakunipa. Ati kula na ulale, nikacheka maana deni halilali. Lakini mpwa wangu akawa anikandia unga jioni, nikapata kulala mpaka saa kumi na moja kasoro, na mchana wali nikala wa kushiba, si kuonja sufuria. Mwisho zikarudi, siku mbili tu, kidogo kidogo, nlilia.

We umekosa mara ngapi? Ikifika miezi mitatu nenda na tarehe zako umeziandika, na mimba upime hata kama wajiamini. Na sindano ya kupanga uzazi ulishadungwa? Manake hiyo nayo husimamisha, hapo mawazo wayasingizia bure.