Potasiamu 6.3 mchana, 4.8 usiku: tuamini ipi?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mama yangu ana miaka 61 na figo zake zimedhoofika, kwa hiyo hupimwa damu kila mwezi. Mwezi uliopita alitolewa damu saa tatu asubuhi, na jioni tukapigiwa simu kwamba potasiamu imefika 6.3, tumkimbize hospitali. Tulikodi gari hadi Kampala usiku ule ule, wakampima moyo na kurudia kipimo cha damu, ikawa 4.8. Maabara ipi ilitudanganya? Tena ameambiwa aache matoke kabisa, na kwetu asiyekula matoke huhesabiwa kuwa hajala.
Msomaji, Iganga

JIBU: Ndugu msomaji, poleni kwa gharama ya gari, lakini mlifanya vyema kutosubiri kupambazuke. Potasiamu ni madini ya mwilini ambayo figo huyapunguza yakizidi; kiwango chake cha kawaida ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 katika lita moja ya damu, na ikipanda sana inaweza kuusimamisha moyo wa mtu ambaye dakika chache kabla alikuwa akizungumza bila kulalamika popote. Ndiyo maana namba kama 6.3 hairudiwi wiki ijayo. Hurudiwa siku hiyohiyo, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo.

Yawezekana kabisa kwamba hakuna maabara iliyodanganya. Takriban asilimia 98 ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli, na tunachopima ni ile kidogo iliyo nje yake, hivyo seli zikivuja kidogo tu, hesabu yote huharibika. Kuna pampu katika ukuta wa seli inayoirudisha potasiamu ndani. Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Pampu hiyo huzorota kwenye baridi. Kwa hiyo chupa ya damu ambayo seli zake hazijatenganishwa na majimaji yake, ikiwekwa juu ya barafu na kusafirishwa kwa bodaboda hadi mjini, itafika potasiamu ikiwa imevujia nje, ingawa aliyeiweka kwenye barafu aliamini anaitunza.

Muulize mama pia jinsi alivyotolewa damu. Je, mpira ulikazwa mkononi kwa muda mrefu huku akiambiwa akunje na kukunjua ngumi ili mshipa uonekane? Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kukunja ngumi peke yake kunaweza kupandisha kipimo cha potasiamu kwa zaidi ya milimoli 1. Wakati mwingine aulegeze mkono, na sampuli ifikishwe maabara mapema. Hata hivyo, msijiamulie nyumbani kwamba namba kubwa ni kosa la mpira. Hilo huthibitishwa kwa kipimo cha pili.

Kuhusu matoke, yaani ndizi za kupika, mimi nisingeanza na katazo la moja kwa moja, hasa baada ya jibu la 4.8. Ni kweli kwamba yana potasiamu nyingi, na namna yetu ya kuyapika huizuia humo humo: humenywa, hufungwa kwenye majani ya mgomba na kuiva kwa mvuke, wala hakuna maji yanayomwagwa. Utafiti wa viazi uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuchemsha vipande vidogo kwenye maji mengi huondoa karibu nusu ya potasiamu, ilhali kuviloweka tu hakusaidii sana. Njia hiyo inaweza kujaribiwa kwa ndizi: zikatwe ndogo, zichemshwe, maji yamwagwe. Najua ladha haitakuwa ileile, na bibi wa nyumba atanuna. Kiasi cha kula apangiwe na kliniki yake kwa kufuata vipimo.

SWALI: Nina ugonjwa wa figo na presha. Mwanangu ameniletea chumvi iliyoandikwa kwamba ina sodiamu kidogo. Je, niitumie?
Msomaji, Soroti

JIBU: Mzee wangu, usiitumie kabla ya kumwonyesha daktari wako pakiti hiyo. Mara nyingi sodiamu iliyopunguzwa hujaziwa kwa kloridi ya potasiamu. Chumvi ya aina hiyo, yenye robo ya kloridi ya potasiamu, ilijaribiwa China kwa watu 20,995 katika vijiji 600, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Habari hiyo ni njema, ila si yako: wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa katika utafiti huo, wala waliokuwa wakiishi nao nyumba moja, kwa kuwa chungu ni kimoja. Basi hata kama chumvi hiyo inamfaa mwanao, asiitie kwenye mchuzi mnaokula pamoja.