Makabati ya Jikoni: Ya Dukani au ya Fundi Seremala?

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi na mume wangu tumemaliza kuezeka na kupiga lipu, na sasa tumekwama jikoni. Yeye ameona makabati yaliyokwisha kutengenezwa dukani, anasema yanafika baada ya wiki mbili na bei yake haibadiliki. Mimi nimezungumza na fundi seremala ambaye ameomba wiki sita. Bei yake imezidi ile ya dukani kwa theluthi moja, naye anataka alipwe asilimia 70 kabla ya kushika msumeno. Ukuta mkubwa una urefu wa sentimita 318, makabati yataanzia kushoto na kuzunguka kona ya kulia, na huko kushoto kuna nguzo ya zege iliyojitokeza sentimita 12. Je, tuchukue yapi? Tena, vigae vitangulie au makabati?

Msomaji wako wa siku nyingi

JIBU

Dada yetu msomaji,

Jambo litakaloamua shauri lenu si bei wala idadi ya wiki, bali ni umbo la kuta zenu: ile kona ya kulia, na ile nguzo uliyoitaja karibu na mwisho wa barua. Makabati ya dukani hayakutengenezwa kwa ajili ya jiko la mtu fulani. Yametengenezwa kwa vipimo vinavyojirudia, na jiko ndilo linalotakiwa kuyafuata. Upana wa kabati moja mara nyingi huwa sentimita 30, 40, 45, 50, 60, 80, 90 au 100, na kina cha yale ya chini ni kama sentimita 56 bila mlango. Ukuta wenu unaweza kubeba 45, 80, 90 na 100 la kona, jumla 315, na sentimita 3 zinazobaki si hasara hata kidogo, kwa sababu mlango uliobanana na ukuta hauwezi kufunguka vizuri na lazima upachikwe ubao mwembamba wa kuusogeza. Kwa hiyo urefu haukuwafunga. Angalieni tu kwamba kabati la sinki linaangukia pale mabomba yalipotokea, maana hilo ndilo kabati pekee lisilokubali kuhamishwa kwa ajili ya hesabu.

Nguzo ni habari nyingine. Kabati litakalosimama mbele yake litapoteza sentimita 12 za kina, libaki na 44. Kama ni kabati la mlango na rafu, fundi yeyote makini atalikata kwa nyuma, atapunguza rafu na kurudisha mgongo, na kwa mbele hakuna atakayejua. Kama ni la droo, kazi huharibika: reli za droo huuzwa kwa urefu unaopanda kwa sentimita 5, hivyo droo ya 50 itabidi irudi hadi 40, na droo ya kiwandani haikuundwa ili ikatwe na kuunganishwa upya. Basi wekeni kabati la mlango kwenye nguzo, na droo mzipeleke kwenye yale yanayofuata.

Kabla ya kumjibu muuzaji au fundi, chukueni tepu ya kupimia. Pimeni urefu wa ukuta mara tatu: chini sakafuni, kwenye kimo cha kaunta ambacho kwa kawaida ni sentimita 90, na juu yatakapotundikwa makabati ya ukutani. Vipimo vikitofautiana, kile kidogo kuliko vyote ndicho cha kufanyia kazi. Kisha nendeni kwenye kona ya kulia. Wekeni alama sentimita 60 kutoka kona kwenye ukuta mmoja, na nyingine sentimita 80 kutoka kona kwenye ukuta wa pili, kwa kimo kilekile. Umbali kati ya alama hizo ukiwa sentimita 100 kamili, kona hiyo ni mraba, yaani ya nyuzi 90, na makabati ya dukani yatakaa bila ugomvi. Ukiwa 102, kona imefunguka, na ukuta wa pili unayakimbia makabati yenu kwa sentimita 4 hivi katika kila mita. Mwanya wa namna hiyo kabati lenye mgongo ulionyooka haliwezi kuuficha. Hapo fundi anayetengeneza kwa kufuata ukuta anastahili theluthi yake ya ziada, na pengine zaidi.

Wengi huamini kwamba cha fundi ni imara na cha dukani ni cha kupita. Mimi sikubaliani na kauli hiyo, kwani nimeona kinyume chake mara nyingi mno. Kinachokaa jikoni miaka kumi ni ubao, kingo zake na vyuma vyake, si jina la aliyeuunganisha. Maboksi mengi ya dukani, yaani miili ya makabati bila milango, hutengenezwa kwa chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) ya milimita 16 au 18 iliyofunikwa melamini, utando mgumu wa plastiki, na chipubodi ikinywa maji huvimba na hairudi tena ilivyokuwa. Fungueni kabati la sinki katika nyumba yoyote iliyokaliwa miaka michache, mpapase ukingo wa chini wa ubao wa pembeni: kama umefura kama mkate uliolowa, maji yalipitia kwenye ukingo usiozibwa, si kwenye uso wa ubao. Sasa, ukanda mwembamba wa kuziba kingo, ule wa kiwandani, hubandikwa na mashine kwa gundi ya moto na mgandamizo ulio sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, ilhali fundi asiye na mashine hiyo huubandika kwa mkono, nao huanza kubanduka penye mvuke. Kwa hiyo mwulize fundi wako swali moja rahisi: kingo atazibandika wapi? Akisema atazipeleka kwenye karakana yenye mashine, huyo anaijua kazi yake.

Na asikushawishi kwa maneno ya mbao halisi peke yake. Mbao hutanuka na kusinyaa kadiri hewa inavyokuwa na unyevu au ukavu, na mlango mpana wa mbao tupu, tena uliopasuliwa juzi, utapinda hadi bawaba zishindwe kuurudisha. Ndiyo maana maseremala wazoefu hutengeneza fremu na kuacha kibao cha katikati kikiwa huru ndani ya mfuo wake, bila gundi. Kwa boksi la sinki peke yake ningemwomba atumie plaiwudi, awe ndiye anayetengeneza yote au asiwe.

Ukiingia dukani usiridhike kutazama rangi. Vuta droo hadi mwisho na uikandamize kwa mkono. Reli inayotoka yote na isiyoyumba ni dalili njema. Gusa mgongo wa kabati: kibao cha milimita 3 kilichopigwa pini hulegea mapema kuliko kilichoingizwa kwenye mfuo. Tazama kama miguu inazungushwa kupanda na kushuka, kwani sakafu iliyo sawa kabisa ni nadra. Uliza pia kama mlango mmoja ukiharibika baada ya miaka mitano utapatikana wa rangi hiyohiyo. Mitindo ya dukani huja na kuondoka, na mwenye busara hununua mlango mmoja wa akiba.

Kuhusu fundi, asilimia 70 kabla ya kazi ni nyingi, hata kama ni mwaminifu, kwa kuwa baada ya hapo hakuna kinachomsukuma kuwahi. Mpeni ya kununulia vifaa mkishasaini mchoro, sehemu ya pili mkiyaona maboksi karakanani kabla ya milango kuwekwa, ya tatu yakishafungwa ukutani, na asilimia 10 zibaki kwa mwezi mmoja hadi milango itakaporekebishwa. Mchoro huo ndio roho ya mapatano. Utaje unene na aina ya ubao, aina ya bawaba na reli, na hata vishikio. Naandika hivi kwa sababu miaka ya nyuma nilimpa fundi mmoja kazi kwa mdomo. Alitengeneza vizuri kila kitu, ila droo ya pembeni ilipovutwa ilifika kama sentimita 20, ikagonga kishikio cha mlango wa tanuri, ikasimama hapo. Hakuna aliyekuwa amechora vishikio. Tuliizoea, tukaweka humo vijiko vya chai.

Uamuzi wangu kwenu ni huu: kona ya kulia ikiwa mraba, fuateni rai ya mume wako, mchukue ya dukani, na sehemu ya fedha mtakayookoa mpeni fundi wako alikate kabati la nguzo na kuyafunga yote. Yeye ajue mapema kama ukuta wa kutundikia makabati ya juu ni wa tofali au wa jipsamu, maana skrubu za huku si za kule, na kabati lililojaa sahani ni zito. Kona isipokuwa mraba, fuateni rai yako, kwa mchoro na kwa malipo ya awamu.

Ama vigae, vya sakafu vitangulie, tena vifike hadi ukutani chini ya makabati, ili kimo cha kaunta kihesabiwe kutoka sakafu iliyokamilika. Kaunta ipimwe makabati yakishafungwa, si kabla, hasa ikiwa ni ya jiwe: graniti ya sentimita 2 ina uzito wa kilo 50 na zaidi kwa mita ya mraba, na ikishakatwa haiongezeki. Vigae vya ukutani vije mwisho, kile cha chini kikae juu ya kaunta kwa mwanya wa milimita 2 au 3, nao ujazwe silikoni badala ya saruji.