Kabla hujalipia gari la watu saba, kakae siti ya nyuma

Tangazo likisema "gari la watu saba" usibishe, siti saba zipo kweli. Swali ni saba gani, na wanakwenda wapi. Saba wa kutoka Tabata hadi Mwenge wanavumiliana. Saba wa kutoka Dar hadi Moshi mwezi wa kumi na mbili, kilomita zaidi ya 500 na mama mkwe yumo ndani, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Sisi safari hiyo ni ya kila mwaka. Wenye kwao Kilimanjaro mnaelewa, usipokwenda kuhesabiwa utaulizwa. Nimeifanya kwa Toyota Wish, nimeifanya kwa Noah, na kwa Prado ya shemeji. Kila anayeniomba ushauri namwambia aache kwanza kuhesabu siti, apime siti imeinuka kiasi gani kutoka sakafuni.

Ukikaa kwenye kiti cha kulia chakula, paja lote limelala na nyayo zimekanyaga chini. Siti iliyo karibu na sakafu inakunyanyua magoti, paja linabaki hewani, na uzito wote unashukia makalio na kiuno. Mpaka Chalinze husikii kitu. Korogwe unaanza kugeukageuka. Mkifika Same kuna mtu anaomba gari lisimame akachimbe dawa, na ukimwangalia vizuri hana haja yoyote, anataka tu kunyoosha mgongo.

Hapo ndipo Noah inapoiacha Wish. Chukua Noah ile ya 2007 hadi 2013, na Wish ya kwanza iliyotoka 2003. Kwa urefu ni kama ndugu: Wish mita 4.55, Noah mita 4.595. Upana wa Noah ya kawaida ni uleule wa Wish, mita 1.695. Tofauti iko kwenye kimo. Wish ina mita 1.59, Noah 1.85. Hizo sentimita 26 ndizo zinazomfanya abiria akae wima, miguu ishuke chini badala ya kutafuta pa kupita mbele, kwa hiyo mistari mitatu inaenea bila watu kubanana. Siti ya tatu ya Wish ni ya watoto wa shule ya msingi. Gari lenyewe ni zuri, tulivu barabarani, na mimi ningelichukua tena kwa watu watano. Kwa saba wazima, hapana.

Prado inawachanganya wengi kwa sababu nje inaonekana nyumba. Ile ya 2002 hadi 2009 siti zake za nyuma kabisa zinakunjwa pembeni, na sakafu ya pale imeinuka. Mtu mzima akikaa, magoti yanakaribia kifua. Shemeji hapendi nikisema hivi, lakini na yeye hajawahi kukaa kule, anaendesha. Harrier siizungumzii sana, ni ya watu watano na haijawahi kudai vingine.

Kupanda na kushuka nako ni sehemu ya starehe, hasa ukiwa na wazee. Mama mkwe ana magoti yanayosumbua. Kwenye Prado tulikuwa tunamshika huku na huku, anacheka, "Wanangu, mnanipandisha mtini?" Noah iliyoanza kutoka 2014 ina sakafu iliyo sentimita 36 tu kutoka chini na mlango wa kusukuma, anaingia mwenyewe na kikapu chake mkononi. Mlango wa kusukuma unasaidia pia mjini: watoto hawaugongeshi kwenye gari la jirani.

Ukifika yadi, fanya hivi. Rudisha siti ya dereva pale unapoendeshea wewe, maana mara nyingi utaikuta imevutwa mbele ili nyuma paonekane ukumbi. Kaa nyuma yake. Ngumi ipite kati ya goti lako na siti ya mbele. Halafu, bila kugusa kitu, nenda siti ya tatu ukakae dakika kumi kamili, milango imefungwa, kiyoyozi kinawaka. Dalali atakushangaa, mwache. Inua mkono darini usikilizie kama upepo unafika huko nyuma. Pasipo na matundu ya hewa juu, watakaokaa pale Mkomazi saa saba mchana watakulaani. Bonyeza sponji kwa ngumi katikati ya siti, kwa sababu kava jipya linaficha sponji iliyokwisha. Fundi siti anaweza kuijaza upya, ila hiyo gharama iondoke kwenye bei.

Angalia na mikanda. Kwenye magari mengi ya zamani kidogo, siti ya katikati nyuma ina mkanda wa kiunoni peke yake, na hapo ndipo tunapopenda kumweka mtoto. Kama una kiti cha mtoto, nenda nacho ukakifunge palepale yadi. Kuna siti ambazo mkanda hauzunguki ukatosha.

Na mizigo. Siti ya tatu ikikaliwa, buti karibu hakuna. Kwenda si tabu, ni mabegi. Kurudi kuna mikungu ya ndizi na gunia la maparachichi ambalo huwezi kulikataa mbele ya wakwe. Noah iliyojaa hivyo inashuka na kuburuza chini kwenye njia za vijijini, kwa hiyo kama kwenu lami inaishia mbali, hapo Prado inarudisha heshima yake. Watu watano mbele, mizigo nyuma.

Kama ni baba, mama na watoto wawili, sioni sababu ya kulisha Noah mafuta mwaka mzima. Sienta inatosha: milango ya kusukuma ipo, na siti zake za tatu zinazama chini ya zile za kati, unabaki na buti la maana. Desemba kodisheni Noah. Ila mwenye nayo mumpe chake mapema, wiki ya Krismasi hazipatikani.