Kabla hujalipia litografia, omba itolewe kwenye fremu

Kazi yangu ni kutia picha fremu hapa New York, na Waswahili wenzangu walioanza kukusanya sanaa huniuliza swali lile lile: nimeona litografia (picha iliyochapwa kutoka kwenye mchoro wa juu ya jiwe au bamba) ya Robert Motherwell au ya Helen Frankenthaler, wachoraji wa dhahania wa Marekani, ina saini, ina namba, toleo ni la nakala chache, ninunue? Jibu langu ni usitoe hata senti mpaka karatasi itoke kwenye fremu. Kama uko mbali, utumiwe picha za mbele na nyuma, pambizo zote nne zikionekana.

Litografia halisi msanii huichora mwenyewe juu ya jiwe la chokaa au bamba la chuma, kwa chaki au wino wenye mafuta. Jiwe likiloweshwa, maji hukaa pasipochorwa na wino wa kuchapia hushika penye mafuta tu. Rangi moja, kwa kawaida, jiwe moja. Toleo likiisha, mchoro hufutwa au jiwe husagwa. Wachoraji wa dhahania wa Marekani wengi waliingia kwenye kazi hii baada ya Tatyana Grosman kufungua karakana ya Universal Limited Art Editions huko Long Island mwaka 1957, kisha June Wayne akafungua Tamarind mjini Los Angeles mwaka 1960. Frankenthaler na Motherwell walianza kwa Grosman mwaka 1961. Jackson Pollock, mchoraji mwenzao aliyejulikana kwa michirizi ya rangi, alikuwa ameshafariki tangu 1956, ndiyo maana nikiletewa "litografia" ya rangi yenye michirizi yake na saini ya penseli, naingiwa na shaka papo hapo.

Chukua lenzi inayokuza mara 10, uiweke penye rangi. Wino uliotoka kwenye jiwe huonekana kama chembechembe zisizo na mpangilio, chaki ilivyokwaruza. Ukiona vinukta vya buluu, waridi, njano na nyeusi vimejipanga kama maua madogo, hiyo ni picha iliyopigwa kwa kamera na kuchapwa kwa mashine, hata kama imeandikwa namba kwa penseli. Bango nalo huweza kupewa namba.

Yaliyofichwa na fremu ndiyo yanayoshusha bei. Mteja mmoja aliniletea Motherwell nzuri sana, weusi wake bado mzito. Nilipoondoa kadibodi, nikakuta pambizo ya chini imekatwa ili karatasi ienee kwenye fremu ndogo, mstari wa kahawia umezunguka mchoro kwa sababu ya kadibodi yenye asidi, na nyuma kuna selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Mchoro ulikuwa halisi kabisa, lakini pambizo iliyokatwa hairudi, na mteja alikuwa ameshalipa bei ya karatasi nzima. Iliniuma.

Kwenye pambizo hizo hizo utafute mhuri wa karakana uliobonyezwa bila wino. Inamisha karatasi kwenye mwanga wa pembeni utauona. Kisha linganisha vipimo, aina ya karatasi na idadi ya nakala na orodha kamili ya chapa, yaani picha zilizochapwa, za msanii huyo. Ya Motherwell ilitolewa na Walker Art Center ya Minneapolis mwaka 2003, na maktaba kubwa za sanaa huwa nayo.

Namba isikutie presha. 3/50, yaani namba 3 kati ya nakala 50, haiishindi 48/50, kwa sababu jiwe lililotunzwa vizuri halichakai haraka, na mara nyingi karatasi hazipewi namba kwa mfuatano wa kuchapwa. Hali ya karatasi ina uzito kuliko tarakimu.

Muuzaji akisema hawezi kufungua fremu, jitolee kumlipa fundi aifungue na kuirudishia mbele yenu wote wawili. Ni gharama ndogo ukiilinganisha na bei ya chapa yenyewe, na muuzaji mwenye kitu safi huwa hana sababu ya kukataa.