Maswali yenu: stepa ya sebuleni, mlima wa Lushoto na ninyi mnaojiegemeza

Maswali yamejaa. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa Afrika, na watu wakamwona bingwa Pogačar wa Slovenia anavipanda vile vilima kama anatumwa dukani, kila mtu hapa Dar anataka kupanda. Sasa Dar yenyewe tambarare kama sinia, kwa hiyo wengi mmenunua mashine za kupandia nyumbani, stepa zile za kukanyaga au klaimba zile ndefu zinazotumia mikono na miguu, halafu ndo mnakumbuka kuniandikia. Kabla ya kununua hamniulizi. Haya. Ombi langu ni lilelile, andika umri, uzito na baiskeli unayoendesha, maana swali la "nifanyeje niwe fiti" likija peke yake naliruka na sitaomba radhi.

Nakaa Mbagala, kurudi kazini ni saa mbili usiku, katikati ya wiki baiskeli sigusi. Nikifanya klaimba siku nne halafu Jumapili natoka na wenzangu, inatosha? Miaka 34, kilo 80, roadbike ya mtumba.

Huyu kaandika vizuri, tumjibu vizuri.

Moyo na mapafu yako hayajui kama uko kwenye klaimba au kwenye barabara ya Bagamoyo, yenyewe yanasikia kazi tu, kwa hiyo pumzi utaipata, na kwa mtu anayerudi nyumbani saa mbili usiku hiyo si haba. Shida ni miguu, miguu inajua. Kwenye klaimba mikono nayo inavuta oksijeni, mapigo yanapanda haraka na unashuka unahema kama umefukuzwa na mbwa huku mapaja bado yana nguvu. Kwenye baiskeli ni kinyume, mapaja yanaanza kuwaka moto na pumzi bado ipo. Ndo maana unakuta mtu wa mashine anaachwa Mbweni na mzee wa kuuza mkaa mwenye baiskeli ya Phoenix.

Halafu kuna jambo la hatua. Chukua rula. Krenki, ule mkono wa chuma unaobeba pedali, ya kawaida ina milimita 170, maana yake kutoka juu kabisa hadi chini kabisa mguu unasafiri sentimita 34. Stepa nyingi za nyumbani hatua yake ni sentimita 15 mpaka 20. Kwa hiyo lile eneo goti limekunjwa sana, pedali ikiwa juu pale, ambapo mwendesha baiskeli anaanza kusukuma, wewe kwenye stepa hulifikii kabisa. Klaimba ina nafuu kwa sababu hatua unaweza kuirefusha, basi irefushe, acha vile vihatua vya kuku. Na kasi pia haifanani, mtu anayenyonga mizunguko 85 kwa dakika anasukuma mara 170 ukihesabu miguu yote miwili, wewe kwenye stepa ukifika hatua 60 unaona umeua.

Kwa hiyo usifanye nne, fanya mbili, Jumanne na Alhamisi. Siku ya tatu amka saa kumi na moja alfajiri unyonge dakika 40 tu, taa mbele na nyuma, siyo tochi ya simu. Jumapili ndo ndefu. Kuna vitu mashine haikupi hata ukiifanya mwaka mzima: matako kuzoea siti, shingo, kumfuata mwenzako karibu kabisa bila kumgonga taili, na upepo. Kusi ikivuma inakusukuma kwenda Bagamoyo unajiona bingwa, kurudi ndo unajua hujui. Upepo wa mbele ndo mlima wetu sisi wa Dar, na huo hauuzwi Kariakoo.

Stepa itanitoa tumbo?

Mashine haichagui mafuta iyachome wapi. Hili swali nimelijibu mara ngapi jamani. Anza na chapati za usiku.

Mashine yangu inaandika nimechoma kalori 600 kwa saa moja lakini kwenye baiskeli sioni mabadiliko, tatizo nini? Nina kilo 80.

Tatizo ni mikono yako, na nimesema nitaendelea kulisema hili mpaka mnichoke.

Kile kiskrini kinahesabu hatua. Hakijui wewe una kilo ngapi, hakijui kama umesimama au umelala juu ya vishikio kama mtu anayesubiri daladala Mwenge saa kumi na mbili jioni. Tupige hesabu. Kilo 80, hatua ya sentimita 15, hatua 60 kwa dakika, umesimama wima mikono inagusa tu: hiyo kazi ni kama wati 118. Sasa jiegemeze, kilo 20 tu ziende kwenye mikono, hatua zilezile 60, skrini ileile, kalori zilezile, lakini miguu inafanya kama wati 88. Robo ya kazi umeipeleka likizo na mashine inakupongeza. Nenda gym yoyote mjini jioni uangalie waliopo kwenye mashine za ngazi, wengi viwiko vimenyooka, mabega yamepanda masikioni, makalio yametoka nyuma, simu iko mbele wanaangalia tamthilia. Na jasho lipo, ndo linalowadanganya, hapa kwetu hata anayekaa kwenye kiti cha plastiki anatoka jasho.

Fanya hivi, weka vidole viwili viwili tu juu ya kishikio. Ukishindwa dakika tano basi kasi uliyoweka si yako, ishushe. Kalori usiziangalie kabisa, bandika plasta pale kwenye skrini. Mi nimebandika.

Mimi ni mzee wa Upanga, miaka 61, natumia dawa ya presha. Vijana wananiambia nitoe umri kwenye 220 nipate mapigo ya mwisho ya moyo. Ni sahihi?

Shikamoo mzee wangu. Hesabu yao inatoa 159, lakini hiyo 220 ni makadirio ya watu wengi kwa pamoja, mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini kwa mapigo kumi na zaidi. Kwako ni mbaya zaidi, kwa sababu baadhi ya dawa za presha, zile za beta-bloka kama atenolol na bisoprolol, zinauzuia moyo usipande, kwa hiyo ukiikimbiza ile namba ya vijana utajiumiza na hutaifikia. Angalia jina kwenye pakiti halafu muulize daktari wako, siyo mimi wala vijana.

Tumia mdomo. Ukiweza kuongea sentensi nzima bila kukata, hapo ni mwendo wa kawaida na ndipo ukae siku nyingi. Ukitoa maneno mawili matatu tu, ni kazi nzito, usikae sana. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, shuka. Usimalizie dakika. Na klaimba mzee wangu mikono ikiwa juu ya kichwa muda wote presha inapenda kupanda, bora stepa, au baiskeli yenyewe asubuhi pale daraja la Tanzanite kabla magari hayajawa mengi.

Magoti yanauma nikinyonga na nikipanda stepa. Nifanye nini?

Yanauma wapi? Mbele, nyuma, pembeni, ndani? Hakuandika, na hata umri hakuandika. Basi nijibu kwa kubahatisha: kwenye baiskeli maumivu ya mbele mara nyingi siti iko chini, ya nyuma ya goti siti iko juu. Wengi wenu siti iko chini kwa sababu mnataka miguu yote miwili ifike chini mkisimama kwenye taa za Ubungo, hiyo siyo baiskeli ni kigoda. Panda, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuyumba, ukihamisha sehemu pana ya mguu kwenye pedali goti litabaki limekunjika kidogo, hapo hapo. Kwenye stepa angalia goti lisiingie ndani, na usikanyage kwa vidole peke yake, vidole vitakufa ganzi na goti litabeba vyote. Wiki mbili haijapoa, nenda hospitali.

Nipo ghorofa ya tatu Sinza, nataka kununua stepa ndogo ya shokapu, ile ya bei nafuu. Nitajuta?

Inategemea unataka kufanya dakika ngapi. Zile shokapu mbili zina mafuta ndani, unapokanyaga mafuta yanapita kwenye tundu dogo na huo ndo ugumu unaousikia. Mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi, kwa hiyo dakika ya ishirini mashine imelegea na wewe unafikiri umekuwa na nguvu. Ya kwangu ya kwanza nilinunua kwa mtu, nilikuwa naifanyisha saa nzima, siku moja nikasikia harufu kama ya spea za pikipiki, kuinama naona tone la mafuta limekaa kwenye tailizi, dogo tu, la kahawia. Nikaligusa shokapu la kushoto nikaondoa mkono haraka, la moto kama pasi. Tangu hapo kushoto kukawa kunazama kama ngazi iliyooza na kulia kugumu, nikawa nachechemea hata nikienda dukani.

Kwa hiyo dakika 15 mpaka 20, pumzisha, rudia. Weka kipande cha mpira mnene chini, kwa ajili ya jirani wa ghorofa ya pili, pia kwa ajili ya jasho, maana chumvi ya jasho na unyevu wa hapa kwetu vinakula boliti mpaka unashangaa. Na watoto! Vidole vya mtoto vikiingia chini ya kile kibao vinavunjika. Ukimaliza isimamishe ukutani.

Kwani ngazi za ghorofa zetu si bora kuliko mashine?

Ndiyo, na ni bure. Kushuka tu ndo kunaumiza mapaja kesho yake, kwenye mashine huko hakupo, na kwenye baiskeli pia hakupo. Panda kwa miguu, kama lifti inafanya kazi shuka nayo, usione aibu.

Tuna safari ya Mombo hadi Lushoto baada ya wiki nane. Nina miaka 29, kilo 68, baiskeli ya mlima, nina klaimba nyumbani. Nipe programu.

Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na unapanda karibu mita elfu moja. Ukienda kilomita 12 kwa saa, ambayo kwa mara ya kwanza si mbaya, ni karibu masaa mawili na dakika 45 unapanda. Wewe klaimba yako muda mrefu uliowahi kufanya ni ngapi? Nadhani dakika 20.

Jumanne fanya ile ya nne kwa nne: pasha mwili dakika kumi, halafu dakika nne kali, ukali wa maneno mawili matatu, dakika tatu pole pole, mara nne. Alhamisi mwendo wa kuongea, anza dakika 30 na kila wiki ongeza tano. Jumamosi au Jumapili Pugu hadi Kisarawe, na ukifika usirudi nyumbani kupiga picha, shuka upande tena, wiki ya sita uwe unarudia mara nne ukiwa umekaa kwenye siti, siyo umesimama. Wiki ya nane punguza kila kitu nusu.

Sasa hukuuliza lakini nakuambia, kinachoumiza watu Lushoto ni kushuka. Barabara nyembamba, kona juu ya kona, basi linatokea upande wako. Klaimba haifundishi breki. Kabla hujaondoka Dar mpe fundi aangalie raba za breki na waya, na ukishuka usizikamate muda wote mpaka zinanuka, kamata, achia, kamata, punguza kabla ya kona siyo ndani ya kona. Mwenzetu mmoja alikuwa wa kwanza kufika juu na wa kwanza kufika zahanati.

Mume wangu anafanya stepa chumbani amefunga madirisha, amevaa zile suti za nailoni, anasema jasho ndo mafuta yanayeyuka. Mwambie.

Shemeji, hayo ni maji. Mi nilijipima, dakika 40 na feni limewashwa nilitoka 78.4 nikafika 77.6, nimekunywa nusu lita katikati, jumla ni kama lita 1.3 ya jasho na nusu lita yake nilikuwa nimeshairudisha. Kilo moja inayopotea hapo ni kama lita moja ya maji, ukinywa madafu mawili inarudi. Ndani ya nailoni jasho halikauki, joto halitoki, na Februari hapa Dar hiyo ni njia ya kuanguka ukiwa peke yako mlango umefungwa. Dada, fungua dirisha, washa feni, na hiyo suti ifiche.

Nauza stepa, imetumika mara tatu tu, kama mpya. Unamjua mteja?

Nitumie picha ya shokapu zote mbili kwa chini. Siyo ya skrini.